Uzoefu wangu: siku sita na mafundi wa vitambaa wa Kutch, India

Nililipia safari ya siku sita kwenda Kutch, katika jimbo la Gujarat magharibi mwa India, kwa lengo moja tu: kuwaona kwa macho yangu mafundi wanaotia vitambaa rangi na nakshi, na kuzungumza nao bila kuharakishwa. Kampuni iliyonipeleka ilitimiza sehemu kubwa ya ahadi hiyo kwa namna iliyonigusa sana, lakini iliiharibu kabisa siku ya kwanza, na naeleza yote mawili ili atakayefuata ajue la kuuliza kabla hajatoa fedha zake.

Siku hiyo ya kwanza, badala ya kutupeleka vijijini, mwongozaji alitupitisha katika duka kubwa karibu na mji wa Bhuj, tukakaribishwa chai, kisha tukakunjuliwa vitambaa tulivyoambiwa kuwa ni ajrakh, yaani kitambaa cha nakshi na rangi za asili, iliyopigwa chapa kwa mkono kwa vibao vilivyochongwa. Nilinunua kimoja. Siku mbili baadaye fundi mmoja wa kijiji cha Ajrakhpur alikigeuza, akanionyesha upande wa nyuma uliopauka karibu kuwa mweupe, na jinsi maua yalivyofuatana bila kupishana hata kidogo, akaniambia kwa upole kwamba ile ilikuwa kazi ya mashine. Katika ajrakh yake mwenyewe rangi ilikuwa imepenya hadi ndani ya uzi, na ukitazama kwa makini uliona pale kibao kilipoinuliwa na kuwekwa tena. Niliumia, na kilichoniuma zaidi ni kwamba fedha zile hazikumfikia hata mmoja wa watu niliosafiri kwenda kuwaona.

Ajrakhpur, kiasi cha kilomita 15 kutoka Bhuj, ndiko nilikopata nilichokifuata. Kijiji chenyewe kilizaliwa na msiba: baada ya tetemeko la ardhi la tarehe 26 Januari 2001, maji ya Dhamadka, kijiji cha zamani cha wachapaji wa jamii ya Khatri, yalizidi madini ya chuma, na kwa kuwa chuma huzifubaza rangi za asili, familia nyingi zilihamia mahali penye maji yanayofaa. Nilipoingia uani nilielewa kwa nini watu wahame kwa ajili ya maji, maana kitambaa hufuliwa, huanikwa na kufuliwa tena mara nyingi kabla nakshi haijakamilika. Rangi nyeusi hutokana na vyuma chakavu vilivyovundikwa pamoja na sukari guru, kisha huongezewa uzito kwa unga wa kokwa za ukwaju. Mchanganyiko wa chokaa na gundi huzuia rangi isiingie panapotakiwa kubaki peupe, na shabu hupigwa chapa pale patakapokuwa pekundu, ingawa wekundu wenyewe hautokezi mpaka kitambaa kichemshwe katika rangi. Fundi, basi, huchapa akiwa na picha nzima kichwani, kwa sababu mbele ya macho yake bado haipo. Nilisimama kando ya pipa la nili alipokitoa kitambaa kikiwa na rangi ya manjano iliyochanganyika na kijani, na kabla mwongozaji hajamaliza kutafsiri swali langu, kilikuwa kimeanza kugeuka buluu mikononi mwake kwa kupigwa na hewa.

Katika kijiji cha Nirona tulikaa saa mbili tu, muda mdogo mno kwa sanaa ya rogan, yaani kuchora juu ya kitambaa kwa rangi ya mafuta. Neno hilo ni la Kiajemi, maana yake mafuta, na ndilo tulilonalo katika Kiswahili kama rogani. Mafuta ya mbarika huchemshwa kwa muda mrefu hadi yawe mazito kama utomvu, yakachanganywa na rangi. Fundi aliweka donge dogo kwenye kiganja cha mkono wa kushoto, akalikoroga kwa kijiti cha chuma ili lilainike kwa joto la mwili, kisha akavuta uzi mwembamba wa rangi na kuulaza juu ya kitambaa bila ncha ya kijiti kukigusa. Alichora nusu ya mti, akakunja kitambaa, akakibonyeza taratibu, na alipokifungua mti ulikuwa umekamilika.

Kwa anayepanga kwenda, aulize kwanza ni saa ngapi mtakaa kwa fundi mmoja, na kama mwongozaji anajua Kikutchi au Kigujarati, kwani mwongozaji wetu alikijua Kikutchi vizuri na bila yeye ningeambulia kutazama tu. Ratiba isiiweke Ajrakhpur siku ya Ijumaa, kwa sababu karakana tuliyoiendea siku hiyo ilikuwa imefungwa kwa ajili ya sala na ikabidi turudi kesho yake. Miezi ya Novemba hadi Februari ina hali ya hewa nzuri, ilhali wakati wa mvua za huko vitambaa havikauki ipasavyo na kazi hupungua.

Ningesafiri tena na kampuni hiyo kwa sharti kwamba siku ya dukani ifutwe, na mahali pake tupewe siku ya pili nzima katika ua wa Ajrakhpur. Nimewaandikia hivyo, na ninasubiri jibu lao.