TAHADHARI: Muuza maikroinveta za sola Kariakoo, msimpe hela zenu

Jamani, yule kaka wa sola niliyewasifia kwenye kikoba ni tapeli! Naandika mikono inatetemeka.

Alinikalisha kwenye benchi, akaninunulia maji, akalaza paneli juani mlangoni pa duka. Akaiunganisha na kile kiboksi, yaani maikroinveta inayogeuza umeme wa paneli uwe kama wa ukutani, waya akachomeka ukutani kupitia kimita cha wati. Taa ikawaka kijani, namba zikapanda. "Dada, hebu ifunike na mtandio wako." Nikafunika, zikashuka. Nikatoa, zikapanda. Mtu akikuonyesha hivyo mchana kweupe utamkataliaje? Tena nilipotaja tu ule mwembe unaotia kivuli paani kwetu, akanimalizia mwenyewe: paneli zilizofungwa kwa mfululizo, moja ikipata kivuli inazishusha na nyingine; kila paneli ikiwa na kiboksi chake, inajitegemea. Hilo ni kweli, hata fundi wangu amekubali. Ndipo akachomekea uongo: "TANESCO wakikata hizi zinaendelea, wala betri huhitaji."

Nikanunua viboksi vinne, milioni moja na laki nne. Taslimu.

Kufunga paani, taa nyekundu tupu. Fundi akakwangua kibandiko cha 230V 50Hz (Hz ni mizunguko ya umeme kwa sekunde), chini yake kuna maandishi ya kiwandani: 240V 60Hz. Mali ya Marekani! Umeme wetu ni 50Hz, kwa hiyo hazifanyi kazi ng'o. Kile cha dukani kilikuwa kingine kabisa. Na hata zingekuwa sahihi, maikroinveta za kawaida hujizima gridi ikikatika, zisije zikamuua fundi wa TANESCO aliye juu ya nguzo. Alijua! Anauza vitu hivi kila siku, atakosaje kujua?

Nampigia ananiambia mali ikishatoka dukani hairudi. Sasa hapokei. Baba watoto haniulizi kitu, na huko kunyamaza kwake ndiko kunakoniumiza.

Hakutoa risiti ya EFD, ile ya mashine, karatasi ya mkono tu. Namba za kwenye boksi na za kwenye kifaa hazifanani. Angalieni hiyo Hz, kwangueni kibandiko mbele yake kabla ya kulipa.

Huyu afungwe! Afungiwe na duka, arudishe hela za watu wote. Jumatatu naenda polisi, kisha FCC (Tume ya Ushindani) na TBS (Shirika la Viwango), na viboksi vyangu mkononi. Uliyeuziwa naye usione aibu, njoo inbox twende pamoja.