Exile au Beat the Border: uanze na ipi?

Kama humjui Geoffrey Oryema, mwanamuziki wa Uganda, anza na albamu yake Exile ya 1990. Mtayarishaji ni Brian Eno, ila hakujazajaza vyombo: lukeme (kinanda cha vidole gumba) inadondosha noti moja moja, Kiacholi kinafuata taratibu, na wimbo "Land of Anaka" unaimbwa kwa uchungu wa mtu aliyetoroka Uganda mwaka 1977 ndani ya buti la gari, baada ya babake kuuawa chini ya Idi Amin. Ufaransa waliipokea vizuri. "Ye Ye Ye" ikawa hata wimbo wa kipindi cha televisheni.

Albamu ya Beat the Border ya 1993 imesogea kwenye roki. Kwa safari ya basi la Gulu, kaskazini mwa Uganda, inafaa sana, lakini kwangu sauti ya Oryema inamezwa kidogo. Wapenda magitaa, najua mtabisha.