Namba 988 na familia za Kiswahili nchini Marekani: tathmini ya huduma

Tangu tarehe 16 Julai 2022, mtu yeyote aliyeko Marekani anaweza kupiga namba yenye tarakimu tatu tu, 988, akazungumza bila malipo, usiku au mchana, na mshauri aliyefunzwa kumsikiliza mtu anayefikiria kujiua au aliyelemewa na dhiki ya moyo. Huduma yenyewe si ngeni, kwani mtandao wa vituo unaoiendesha ulianza mwaka 2005 kwa namba ndefu ambayo mpaka leo inapokelewa. Kilichobadilika ni wepesi wa kuikumbuka, na wepesi huo si jambo dogo kwa mtu ambaye saa nane za usiku kichwa chake hakishiki chochote. Tathmini hii nawaandikia wazazi na walezi wenzangu wanaozungumza Kiswahili katika nchi hii, hasa familia zilizotoka Kongo na Burundi zikapitia kambi za Tanzania, Kenya au Uganda, ambazo watoto wao wamekulia katika Kiingereza cha shule ilhali nyumbani mambo mazito husemwa kwa Kiswahili, au hayasemwi kabisa.

Niseme mapema ninavyoiona. Kwa kijana, huduma hii imetengenezwa vizuri. Kwa mzazi asiyejua Kiingereza imefika nusu ya njia. Hata hivyo naamini kwamba mzazi ndiye anayepaswa kuizoea kwanza, kwa sababu 988 haipokei simu za aliye hatarini peke yake. Inampokea pia mtu anayemhofia mwingine, na jambo hilo wengi wetu hatujalisikia.

Ukubwa wa tatizo hauhitaji kutiwa chumvi. Uchunguzi wa kitaifa ambao CDC, shirika la serikali la afya ya umma, huufanya kwa wanafunzi wa sekondari ulionyesha mwaka 2023 kwamba asilimia 20 ya wanafunzi walikuwa wamefikiria kwa dhati kujiua katika miezi 12 iliyotangulia, na asilimia 9 walikuwa wamejaribu. Watoto wetu wamo darasani humo humo. Tena wengine wamebeba mzigo wa ziada ambao mwalimu haujui: kumfasiria mama hospitalini, kusoma barua za kodi ya nyumba, na kuambiwa kila siku kwamba wao ndio sababu ya familia kuvuka bahari.

Anayepiga 988 husikia kwanza sauti iliyorekodiwa. Abonyeze 1 kama amewahi kutumikia jeshini, au 2 kama anataka Kihispania. Asipobonyeza kitu huunganishwa na mojawapo ya vituo zaidi ya 200 vilivyotapakaa nchini, na kituo hicho kikiwa kimezidiwa simu huhamishiwa kituo cha akiba. Kwa wastani wa kitaifa simu hupokelewa kabla ya dakika moja kuisha. Kulikuwa na chaguo la 3 lililowahudumia vijana wa LGBTQ (wapenzi wa jinsia moja, waliobadili jinsia na wengine wa namna hiyo), nalo lilifungwa Julai 2025; vijana hao bado wanapokewa katika laini ya kawaida, lakini kuliondoa dirisha la kundi ambalo takwimu hizo hizo za shule zinalionyesha kuwa katika hatari kubwa zaidi ni pengo, na katika tathmini ya haki halifai kufichwa.

Sehemu ninayoisifu zaidi kwa upande wa vijana ni ujumbe mfupi. Katika nyumba zetu nyingi watoto wanne hulala chumba kimoja, bibi yuko sebuleni, na mgeni aliyefika wiki iliyopita analala kwenye kochi. Kijana hana pembe ya kuzungumzia simu bila kusikika. Akituma neno lolote kwa 988 hujibiwa maswali machache ya awali yanayotoka kwa mashine, kisha mtu halisi huanza kuandikiana naye, na nyumba nzima haisikii kitu. Majimbo kadhaa yanazitaka shule zichapishe namba hii nyuma ya vitambulisho vya wanafunzi, kwa hiyo huenda mtoto wako ameibeba mfukoni kwa muda mrefu kabla wewe hujaisikia. Tatizo ni kwamba njia ya maandishi ni ya Kiingereza na Kihispania pekee. Kijana aliyefika mwaka huu, ambaye bado anaunganisha maneno, hana budi kupiga.

Mshauri hufanya nini? Wengi hudhani atahubiri, au ataanza kumwambia kijana ashukuru kwa alivyo navyo, kama tunavyofanya sisi. Kwa kweli jambo la kwanza analofunzwa ni kuuliza waziwazi kama mtu anafikiria kujiua, kusikiliza jibu bila kushtuka, na kupima hatari iko karibu kiasi gani. Baada ya hapo humsaidia kupanga saa zinazofuata: dalili zipi humjia kabla hali haijawa mbaya, nini humtuliza akiwa peke yake, aende wapi asikae peke yake, amwambie nani, na vitu gani viondolewe karibu naye. Mpango wa namna hii, ulioandaliwa na wanasaikolojia Barbara Stanley na Gregory Brown, unatumika leo katika hospitali nyingi, na uzuri wake ni kwamba unaweza kuandikwa kwenye karatasi moja kwa lugha yoyote. Ningependa kuuona ukibandikwa ndani ya kabati la kijana kwa Kiswahili chake mwenyewe.

Hapo kwenye kuuliza waziwazi ndipo wazazi wetu wengi wanapokwama. Hofu yetu ni kwamba kulitaja jambo ni kuliita, na kwamba kijana ambaye hakuwa na wazo hilo atalipata kutoka kinywani mwa mama yake. Hofu hii imechunguzwa. Mwaka 2005 Madelyn Gould na wenzake walichapisha utafiti uliofanyika katika shule za sekondari za New York kwa wanafunzi zaidi ya 2,300: nusu waliulizwa kuhusu kujiua, nusu hawakuulizwa, na walioulizwa hawakuonyesha dhiki wala mawazo ya kujiua zaidi kuliko wenzao, na wale waliokuwa tayari na sonona walionekana kupata nafuu kidogo kwa kuulizwa. Wahenga walisema mficha uchi hazai, na sisi tumeificha habari hii kwa majina mengi: mtoto ana kiburi, mtoto amelogwa, mtoto ana pepo, mtoto ameharibiwa na simu. Sina ugomvi na anayempeleka mwanawe kwa mchungaji au kwa sheikh kuombewa. Nina ugomvi na anayeishia hapo.

Sasa niingie katika simu ya mzazi mwenyewe. Tuseme binti wa miaka 15 ameacha kula na wenzake, anagawa nguo alizokuwa akizipigania, amesema mara mbili kwamba familia ingepumua kama asingekuwapo, na halali. Mama hajui kama hiyo ni tabia ya umri au ni hatari. Anaweza kupiga 988 akaeleza hivyo hivyo. Atasaidiwa kupima uzito wa dalili alizoziona, kupanga maneno ya kumwanzia binti, na kujua huduma zilizopo katika kaunti yake, ikiwa ni pamoja na timu za afya ya akili zinazokwenda nyumbani pale zilipo. Haulizwi bima, wala hati za ukaazi si sharti la kusikilizwa. Asipotaka kutaja jina lake, halazimishwi.

Kwa lugha, huduma hii inatumia wakalimani wa simu wa lugha zaidi ya 240. Anayehitaji mkalimani hana haja ya sentensi ndefu. Alitaje neno «Swahili» polepole mara mtu anapopokea, alirudie, kisha asikate simu hata pakiwa kimya. Hapo kuna udhaifu wa aina mbili. Wa kwanza ni kwamba salamu ya mwanzo haina Kiswahili, na mzazi anayesikia Kiingereza mfululizo huweka simu chini kabla ya kufika kwa mtu. Wa pili ni kwamba mazungumzo ya watu watatu huenda polepole, kila sentensi ikisemwa mara mbili, na mkalimani aliyezoea Kiswahili cha Nairobi anaweza kumpotezea maana mama wa Uvira au Fizi, mashariki mwa Kongo. Akikosa kuelewa, aseme. Ana haki ya kuomba jambo lirudiwe kwa maneno mengine. Jambo moja nalisisitiza bila kulegeza: asimtumie mtoto kuwa mkalimani, si yule anayehofiwa wala mdogo wake. Kumfanya mtoto wa miaka 11 atafsiri swali la kama dada yake anataka kufa ni kuiongezea nyumba hiyo mgonjwa wa pili.

Swali ambalo wazazi huniuliza kabla ya yote hayo ni kama polisi watakuja. Familia iliyokimbia askari haiwezi kulaumiwa kwa kuuliza hivyo, na familia ya Waafrika katika nchi hii ina sababu zake nyingine. Waendeshaji wa 988 wanaeleza kwamba chini ya asilimia 2 ya simu huishia kwa huduma za dharura kutumwa, na nyingi ya hizo hutumwa kwa ridhaa ya mpigaji mwenyewe. Hata hivyo usiri una mpaka: mtu akiwa katika hatari ya papo hapo na asikubali njia nyingine yoyote, kituo kinaweza kuomba msaada utumwe. Kuhusu kujulikana ulipo, hadi mwaka 2024 simu ilielekezwa kwa kufuata msimbo wa eneo wa namba yako, kiasi kwamba familia iliyohamia Ohio ikiwa na laini ya Texas ilijibiwa na kituo cha Texas, ambacho hakikujua kliniki hata moja ya mtaa wao. Kampuni kubwa za simu zilianza mwaka huo kuelekeza simu kwa kufuata mnara ulio karibu na mpigaji. Mfumo huo hukadiria eneo tu, wala hauonyeshi mlango wa nyumba. Familia zetu huhamahama kati ya majimbo kufuata kazi na ndugu, kwa hiyo sidhani kuna marekebisho yaliyotufaa kuliko hayo.

Ipo mipaka mingine ambayo si kosa la huduma, lakini ni lazima ijulikane. Kijana akiwa ameshajidhuru, au yuko katikati ya kujaribu, namba ni 911, ile ya dharura, au aende chumba cha dharura cha hospitali, na asiachwe peke yake hata kwa dakika ya kutafuta viatu. Vilevile 988 si matibabu. Ni mlango, na nyuma yake kunatakiwa kuwe na mshauri wa kudumu, daktari, na shule iliyoarifiwa. Hapo ndipo foleni ndefu na maswali ya bima huanza, na mzazi asishangae akiona kwamba usiku ulikuwa mwepesi kuliko wiki zilizofuata. Ombeni kituo kiwapigie tena baada ya siku chache, maana vituo vingi hufanya hivyo mpigaji akikubali. Na ulizeni shuleni kuhusu mshauri wa wanafunzi, kwa kuwa mara nyingi ndiye anayepatikana mapema kuliko mtaalamu yeyote wa nje.

Kisha kuna kazi ya nyumbani ambayo hakuna simu itakayoifanya. Kwa kijana, msukumo wa kujiua mara nyingi hupanda kwa ghafla na kushuka, na umbali kati yake na chombo cha kujidhuru katika muda huo mfupi huamua mengi. Zaidi ya nusu ya vifo vya kujiua Marekani hutokana na bunduki. Mwenye silaha nyumbani, hata iwe ya mlinzi anayerudi nayo kutoka kazini, aifungie bila risasi, au bora zaidi aihifadhi nje ya nyumba hadi hali itulie. Idara nyingi za polisi hutoa kufuli za bunduki bila malipo. Dawa nazo zikae kwenye kisanduku chenye ufunguo, zile za bibi zikiwemo. Wazazi hunijibu kwamba anayetaka atapata njia nyingine. Utafiti wa miaka mingi unaonyesha kinyume: wengi hawabadili njia, na walio wengi kati ya waliookolewa katika jaribio hawafi baadaye kwa kujiua.

Nikitoa nyota, kwa kijana anayejua Kiingereza naipa nne na nusu kati ya tano, na nusu iliyopungua ni ya lile dirisha lililofungwa. Kwa mzazi wa Kiswahili naipa tatu, nayo ingepanda mara moja salamu ya Kiswahili ikiwekwa mwanzoni, au ujumbe mfupi ukiweza kufasiriwa. Huduma iliyojibu simu, ujumbe na maongezi ya mtandaoni zaidi ya milioni 10 katika miaka yake miwili ya kwanza haishindwi kuongeza sauti moja iliyorekodiwa.

Walio Kanada wana 988 yao, iliyofunguliwa tarehe 30 Novemba 2023 kwa Kiingereza na Kifaransa, jambo litakalowafaa Wakongo na Warundi wengi waliosoma kwa Kifaransa. Wenye watoto waliobaki nyumbani wajue kwamba 988 haipigiki kutoka huko. Tanzania, Kenya na Uganda zina namba 116 kwa ajili ya watoto, isiyo na malipo, na hiyo hujibiwa kwa lugha yetu.