Kung'oa ua wa zamani Tabora: nani umlipe, zana gani ununue, na kipi ukiache dukani

Ukipita Cheyo, Isevya au Ng'ambo utaona nyua zilizopandwa na wazee, michongoma, minyaa na bogenvilia, zimeachwa miaka mpaka zimegeuka msitu. Mwenye nyumba anataka ukuta wa tofali, au nafasi ya kupanda mchicha, au basi tu mwanga uingie dirishani. Anaita kijana mwenye panga, wanapatana bei, na jioni kuna lundo la matawi barabarani na kiwanja kinaonekana cheupe. Mvua za Novemba zikishaanza, ua unarudi, safari hii na machipukizi matano pale palipokuwa na shina moja.

Kwa hiyo hapa kila njia imepimwa kwa swali moja: kisiki kinatoka au kinabaki? Matawi ni kazi rahisi na yeyote mwenye panga kali anaiweza. Fedha yako inatakiwa iende ardhini.

Kwanza jua una mti gani

Michongoma ndiyo ghali kuliko yote kuing'oa. Miiba yake hufika sentimita tano na zaidi, inatoboa ndala, inatoboa tairi la baiskeli, na ukiikata juu ya udongo inachipua kwa nguvu kutoka pale shina linapokutana na mizizi. Kisiki chake lazima kitoke kizima.

Minyaa ni kinyume chake. Mizizi yake haiendi chini sana, na mtu mmoja mwenye jembe na sururu anaweza kung'oa ua mrefu bila kutokwa jasho la damu. Hatari yake ni utomvu. Ule weupe unaotiririka ukikata tawi unaunguza ngozi, na ukiingia jichoni huleta maumivu makali na unaweza kumtia mtu upofu wa muda. Anayekata avae miwani ya kufunika pembeni, pamoja na shati la mikono mirefu. Utomvu ukiingia jichoni, osha papo hapo kwa maji mengi safi, uendelee kuosha kwa robo saa nzima, halafu mpeleke mtu hospitali. Usingoje kesho. Jambo jingine: kipande cha mnyaa kilichoangushwa kwenye udongo huota mizizi chenyewe. Matawi yasiburuzwe bustanini na yasitupwe kwa jirani. Yakusanywe juu ya turubai au bati, yakauke kabisa juani. Wala usiyachome karibu na nyumba, moshi wake nao unawasha macho.

Bogenvilia ina miiba na kisiki kinene, ihesabu kama mchongoma mdogo. Lantana hutoka kirahisi mradi ukate chini ya kitako cha shina na kukitoa chote. Kama mzee alipanda mijohoro na ikaachwa mpaka ikawa miti, hapo una miti ya kung'oa, na bei iwe ya miti.

Msimu nao ni pesa

Tabora mvua zinakuja kati ya Novemba na Aprili, kisha kiangazi kinakaza mpaka Oktoba. Wakati bora ni mwisho wa masika, Aprili kuelekea Mei. Udongo bado una unyevu, sururu inazama, na mizizi iliyopinduliwa inakutana na jua la miezi mitano mbele yake. Ukifanya Septemba, kibarua yuleyule atakuomba bei kubwa zaidi, na ana haki, maana anachimba ardhi iliyokauka kama tofali la kuchoma. Ikibidi kiangazi, mwagia kila kisiki ndoo mbili za maji jioni ya kuamkia kazi. Udongo wetu wa kichanga unameza maji haraka, asubuhi utaona tofauti.

Sasa tupange.

Namba moja: vibarua wawili kwa kipande, wakiwa na sururu na mtaimbo

Kwa ua wa nyumba ya kawaida, njia hii inazishinda nyingine zote. Wanaingia pembe ambako mashine haiingii, hawaharibu udongo wa juu, na wakikutana na bomba la maji wanaliona kabla hawajalikata. Chukua wawili. Mmoja peke yake akichoka anaanza kukata visiki juujuu, lakini wawili mmoja anachimba na mwenzake anasukuma shina.

Patana kwa kisiki, usipatane kwa siku. Kazi ya siku inarefuka, na kazi ya "ua mzima" inaishia kwenye matawi. Fanya hivi: anza na kazi ya matawi peke yake, na waambie waache kila shina likiwa na urefu wa mita moja hivi kutoka ardhini. Hapo utauona ua kama ulivyo, safu ya mashina uchi, na mnaweza kutembea pamoja mkiyahesabu na kuyapaka alama ya chokaa. Idadi hiyo mkishakubaliana, ndipo mnapanga bei ya kila kisiki, vinene bei yake na vyembamba bei yake.

Mita hiyo moja ina maana kubwa. Shina refu ni wenzo. Anayechimba akishakata mizizi ya pembeni, mwenzake anashika shina juu na kulisukuma huku na huku mpaka mzizi mkuu unalia chini, na hapo shoka linaingia mara moja tu. Kibarua anayekata shina likalingana na ardhi siku ya kwanza amejinyima mpini, na kisiki hicho kitamgharimu nusu ya siku. Ukiona mtu anaanza hivyo, msimamishe kwa upole umweleze.

Malipo yawe mafungu. Kishika uchumba kidogo cha chakula na kunoa zana, fungu la pili matawi yakiisha, na fungu kubwa la mwisho visiki vikiwa vimelazwa juu ya ardhi, mizizi ikionekana, na umevihesabu. Kisiki kilichokatwa sentimita tano chini ya udongo na kufukiwa ni mchongoma mpya mwezi wa kumi na mbili. Chukua mtaimbo, choma kila shimo kabla ya kulipa. Ukigonga mbao, kazi haijaisha.

Namba mbili: kununua zana na kufanya mwenyewe

Ua ukiwa mfupi, au wa minyaa, au una vijana wako nyumbani likizo, hii inaweza kupanda ikawa ya kwanza, kwa sababu zana zinabaki. Unahitaji sururu, mtaimbo, shoka, panga, beleshi na tupa ya kunolea. Jembe unalo tayari.

Sururu ndiyo ya kuchagua kwa makini. Chukua yenye ncha upande mmoja na bapa upande wa pili, maana bapa ndilo linalokata mizizi. Itazame tundu la mpini: liwe limefuliwa pamoja na chuma, lisiwe na mstari wa kuchomelea. Ining'inize kwa kamba au kidole, uigonge kwa jiwe. Chuma kizuri kinalia na sauti inakaa, chuma chenye ufa kinatoa mlio mfupi wa kufa. Mpini usinunue kwa uzuri wa sura. Tazama nyuzi za mbao kama zinakwenda na urefu wote wa mpini. Zikikatiza pembeni, utavunjika siku ya kwanza, na mpini unaovunjika ukiwa hewani unaumiza mtu.

Mtaimbo wa dukani wenye urefu wa mita moja na nusu unafaa, lakini hapa mjini mafundi wa kuchomelea hutengeneza mitaimbo kutoka shafti za magari mabovu, na mingi ni migumu kuliko ile ya dukani. Ikague ncha. Ikiwa imechongwa kutoka chuma chenyewe, nunua. Ikiwa kipande kimebandikwa kwa kuchomelea, kitang'oka ukikipindua chini ya kisiki.

Shoka tumia kuukuu. Mizizi imejaa mchanga na mchanga unamaliza makali, usiharibu shoka jipya. Halafu usifanye ubahili kwenye glovu za ngozi na gambuti. Mwiba wa mchongoma ukivunjikia ndani ya kidole huleta usaha, na kama hujachanja pepopunda siku nyingi, pita zahanati kabla hujaanza.

Namba tatu: winchi ya mkono

Hii ni ile ya kukaza kwa kupampu mpini, inauzwa ikiwa imeandikwa tani mbili au nne. Peke yake haitoshi, lakini ukiiongeza kwa vibarua wawili na visiki vinene, inaokoa migongo. Watu wachache wanaimiliki, kwa hiyo azima au kodi kwa mafundi wa magari kabla ya kufikiria kununua. Inahitaji mahali pa kufungia, na kwa bahati Tabora haina uhaba wa miembe. Funga magunia kuzunguka shina la mwembe kwanza, waya usilichune ganda. Juu ya waya uliokazwa tupia koti zito au gunia la mchanga, na watoto wasogee mbali kupita urefu wa waya wenyewe. Waya wa chuma ukikatika unarudi kama fimbo.

Namba nne: kijiko

Kijiko, ile mashine ya kuchimbia, kinang'oa kwa saa chache kile ambacho vibarua watakifanya wiki. Lakini unalipia mafuta, dereva, na mara nyingi kukibeba mpaka kwako na kukirudisha, kwa hiyo hakina maana kwa ua wa kiwanja kimoja. Kina maana kwa shule, kanisa, msikiti, au majirani wa mtaa mzima waliochangia, hasa kikiwa kimeshafika karibu kwa kazi ya barabara. Pima geti lako kabla ya kupiga simu, kinahitaji kama mita tatu kupita kwa usalama.

Kasoro yake kubwa ni udongo. Kinachota chini na juu pamoja. Udongo wa rutuba hapa kwetu ni tabaka jembamba, chini yake ni mchanga au kitu kigumu chekundu. Ukitaka kujenga, si neno. Ukitaka bustani, utamwaga samadi miaka.

Na kuna bikoni. Nyua nyingi zimepandwa juu ya mpaka, na jiwe la upimaji limekaa humohumo kwenye vichaka. Kuling'oa au kulihamisha ni kosa kisheria, na hata kama hukukusudia, ugomvi wake na jirani unaweza kurithiwa na wajukuu. Kabla ya mashine au sururu kuanza, mwite jirani na mwenyekiti wa mtaa, tafuteni bikoni kwa mikono, izungushieni vijiti na utepe. Ua wa mpakani ni wa nyumba mbili, huwezi kuuondoa kwa uamuzi wa nyumba moja. Uliza pia TUWASA, mamlaka ya maji ya Tabora, bomba linapita wapi, kwa sababu mabomba ya kuingia majumbani mara nyingi hukata chini ya ua.

Namba tano: dawa juu ya kisiki

Haing'oi kitu, inaua tu, na mizizi itabaki ardhini ikioza kwa miaka. Nimeiweka hapa kwa ajili ya visiki usivyoweza kuvichimba: kilichoshikana na msingi wa nyumba, kilichokumbatia bomba, kilicho miguuni mwa bikoni. Dawa ya glifosati hupakwa kwa brashi kwenye jeraha bichi, pembezoni karibu na ganda ambako mti unaishi, ndani ya dakika chache baada ya kukata. Ukichelewa mpaka pamekauka, haiingii. Nunua chupa iliyofungwa, yenye lebo ya Kiswahili na namba ya usajili wa TPHPA, mamlaka ya serikali inayosimamia viuatilifu, na ufuate kipimo cha lebo. Dawa iliyomiminwa kwenye chupa ya maji ya kunywa iache hapohapo dukani, hata ikiwa ya bure. Mwaka 2015 shirika la utafiti wa saratani la WHO liliiweka glifosati kwenye kundi la vitu ambavyo huenda vinasababisha saratani, kwa hiyo glovu za mpira si hiari.

Vitu vya kuacha

Gari na mnyororo. Shina linakatika, mizizi inabaki, na gari linatoka na klachi iliyoungua. Trekta lina nguvu hiyo, lakini wakati udongo una unyevu linatakiwa shambani.

Chumvi, oili chafu na asidi ya betri. Zinaua udongo pamoja na kisiki, na hapo hutapanda hata matembele.

Moto. Ua uliokauka mwezi wa Agosti unashika dakika moja, na upepo wa kiangazi hauulizi nyumba ya nani.

Siku yenyewe

Anza kwa kusikiliza. Tabora ni nchi ya nyuki, na ua mzito ni mzinga wa bure. Ukisikia mvumo au kuona nyuki wakiingia na kutoka sehemu moja, simamisha kazi umtafute mfugaji. Atakuja jioni na moshi wake, na huenda akaondoka na kundi zima kwa furaha. Nyoka nao hukaa humo, kifutu hasa, kwa sababu panya wapo. Piga vichaka kwa mti mrefu kabla mtu hajaingiza mkono, na kata ukianzia upande mmoja ili kilichomo kiwe na njia ya kutokea. Akiumwa mtu, asichanjwe wala kufungwa kamba ya kubana. Atulizwe, asitembezwe, apelekwe hospitali ya Kitete haraka.

Matawi ya miiba yaondoke siku hiyohiyo kwa guta, maana watoto watacheza hapo kesho. Mashimo fukia kwa udongo uleule, kanyaga, mwagia maji, ongeza tena. Masika yakianza, pita kila wiki na jembe. Mbegu za michongoma zilizodondoka miaka yote zitaota, na miche hiyo ikiwa ya kidole inang'oka kwa mkono.