Queen Mary 2: chumba ulicholipia ndicho kinachokupa meza

Mimi na mama watoto tuliweka akiba miaka minne, tukaruka kutoka Entebbe hadi Uingereza kupanda meli ya abiria Queen Mary 2, Southampton hadi New York, usiku saba. Wakala wetu hapa Kampala alituambia tu, "Chakula kimo." Kimo kweli, lakini ilikuwa haki yetu kuelezwa kwamba aina ya chumba ndiyo inayoamua unakula wapi.

Tulichukua chumba cha ndani, kisicho na dirisha. Hicho kinakupa Britannia Restaurant, ukumbi mkubwa wa ghorofa mbili, na chakula cha jioni ni kwa zamu. Chagueni zamu ya pili. Ya kwanza inaanza mapema mno kwa sisi tuliozoea kula saa mbili au saa tatu usiku. Wenye vyumba vya Britannia Club wana ukumbi wao mdogo na hawafuati zamu. Wa vyumba vikubwa wanakula Princess Grill, na wa juu kabisa Queens Grill. Huko sisi hatuingii.

Hatukulala njaa hata kidogo. Kings Court ya kujipakulia ni ya wote, na chai ya alasiri pale Queens Room, wahudumu wakiwa na glavu nyeupe, mke wangu bado anaisimulia. Soda na bia tulilipia. Mkahawa wa nyama, Steakhouse at the Verandah, nao una malipo yake, tukauacha.

Kwa chumba cha bei ya chini, ningerudi kesho.