Steam: akaunti yangu ya tangu 2005, na usiku ule CPU ilipolala saiba

Juzi nlikua naweka Steam, ile programu ya kampuni ya Valve ya kununulia na kuchezea gemu za kompyuta, kwa laptopu mpya, nkaingia kwenye profaili nkaiona ile beji ya miaka, inasema mwanachama tangu 2005. Nkaitazama sana. Tangu hapo nimebadilisha mashine tano, simu sina hesabu, nimehama nyumba mara tatu, na gemu zangu zote nimezikuta pale pale nilipoziacha. Nkasema acha nami niandike uzoefu wangu, maana wengi wanaoisifu ama kuiponda walianza kuitumia neti ishakua na kasi, hawajui mwanzo ilikuaje hasa kwa sisi wa huku.

Zama hizo Mombasa gemu ni saiba, yale maduka ya kompyuta za kulipia. Yetu ilikua upande wa Makupa, mashine kumi na mbili zimeunganishwa kwa waya, shilingi moja kwa dakika, na gemu ni moja tu, Counter-Strike 1.6, tena ile nakala ya kuchakachua tuliyoiita no-steam. Hakuna aliyeuliza hio Steam yenyewe ni nini, kwetu ilikua ni jina tu la kitu ambacho nakala yetu haina. Baadae sana ndo nilikuja kujua kwamba 1.6 na Steam zilitoka pamoja, Septemba 12, 2003, na kwamba Valve waliitengeneza kwa shida halisi: kila wakitoa marekebisho ya Counter-Strike wachezaji wanatawanyika, huyu ana toleo hili, yule ana lile, na seva zinabaki hazina watu mpaka kila mmoja atafute faili lake. Wakataka marekebisho yajilete yenyewe. Halafu Julai 31, 2004 wakazima WON, ule mtandao wa zamani wa kuchezea, kwa hio aliyetaka kuendelea kucheza rasmi lazima ahamie Steam, apende asipende. Wengi walikasirika wakati ule na mimi nawaelewa.

Sasa mjomba wangu alikua akifanya kazi Dubai, Idd ya mwaka 2005 akaja likizo na boksi la Half-Life 2, gemu ya Valve hao hao, la halali kabisa, sidii tano ndani. Mie wallahi sijawahi kushika gemu ya halali kabla ya hapo. Nkaziweka moja moja kwa mashine ya nyumbani, ya kwanza, ya pili, mpaka ya tano, kama saa nzima hivi, halafu mwisho kabisa inaniambia nifungue akaunti ya Steam na niunganishe neti ili ifunguliwe na ishushe kilichobaki. Kwenye boksi imeandikwa wazi kwamba neti ni lazima, ila nani asoma boksi kwa furaha ile! Na hii haikua kwetu peke yetu, siku gemu ilipotoka Novemba 16, 2004 hata Marekani na Ulaya watu walikaa na sidii mkononi wakingoja seva ziwafungulie maana zilizidiwa.

Nyumbani tulikua na modemu ya simu, ile 56k. Hesabu yake ni hivi, kwa hali nzuri inashusha kama kilobaiti tano kwa sekunde, kwa hio megabaiti 100 ni karibu masaa sita, na simu inahesabiwa kwa dakika na simu ni ya baba. Akakataa, na alikua na haki.

Nkaichomoa CPU, lile boksi lenyewe la kompyuta, nkaifunga kwa shuka, nkapanda matatu nayo imekaa mapajani mpaka saiba. Mwenye saiba tulikua tukimwita Ammi, mtu mzima, hata gemu zenyewe hazimpendezi. Nkamueleza. Akatazama ule mstari unavyosogea pole pole, akaniambia, "Mwanangu, hii haiishi leo. Iache hapa, mie nafunga saa nne, asubuhi uje uichukue." Wala hakunitoza usiku ule. Nlilala lakini silali, nikiwaza umeme usipotee, na baada ya swala ya alfajiri nkaenda kusimama mlangoni mpaka alipokuja kufungua. Imemaliza! Nkaiwasha pale pale nkahakikisha, nkaweka ile hali ya kucheza bila neti nikiwa bado nimeunganishwa, ndo nkairudisha nyumbani. Ile treni ya mwanzo wa gemu inapoingia stesheni ya mji wa City 17 tulikua watu sita chumbani na hakuna aliyesema kitu.

Rangi ya Steam ya zama zile nyote mliokuwepo mnaikumbuka, kile kijani cha kijeshi chenye maandishi madogo. Walikuja kuibadilisha 2010 na mie mpaka leo naikumbuka.

Kununua ndo kulikua kazi. Kadi ya benki ya kulipia mtandaoni nani alikua nayo? Mwaka 2008 nkanunua gemu kwa duka moja mjini, silitaji, boksi limefungwa nailoni vizuri, kufika nyumbani namba ya siri inakataa, ishatumika na mtu mwingine. Elfu tatu na mia tano zangu zikaenda, na duka likasema likishafunguliwa halirudi. Hasira ile nliibeba miezi. Nkaelewa kwamba zama hizi unachonunua ni zile herufi na tarakimu kwenye karatasi, sidii ni gari tu la kubebea.

Aliyeniokoa ni binamu yangu aliyekua akisoma Leicester. Orange Box, lile furushi la Valve lenye Half-Life 2, mwendelezo wake Episode One na gemu nyingine, ilipotoka 2007 yeye Half-Life 2 na Episode One alikua nazo tayari, na Valve waliruhusu mtu kama huyo ile nakala ya ziada ampe mwenzake, kwa hio Episode One akanitumia kama zawadi kwa imeili. Shida ni kuishusha, gigabaiti zile kwa neti ile ya setilaiti! Sasa hapa ndo naipa Steam heshima yake. Ilikua na kipengele cha kuweka bekapu, unachagua gemu inaikata vipande vya kuchoma kwenye sidii au DVD. Binamu akachoma, akampa mtu anayekuja likizo, DVD mbili zikaja ndani ya begi la nguo, nkazirudishia kwa mashine yangu, kilichobaki kushusha kikawa kidogo tu. Na ukikatikiwa na neti katikati inaendelea ilipoishia, haianzi upya. Kwa mtu wa neti ya kukatika katika hilo ni kubwa kuliko mapambo yote.

SEACOM ikawashwa Julai 2009, kebo ya baharini ikaingia hapa hapa kwetu, na kidogo kidogo mambo yakabadilika, si kwa siku moja. Bei kwenye Steam mpaka leo twaziona kwa dola ila sasa angalau njia za kulipa zipo.

Niseme ninachokipima mimi. Uzuri: akaunti moja imeishi kuliko mashine zangu zote, na tangu 2015 gemu isipokufaa unarudishiwa pesa kama hujapita siku 14 na hujacheza zaidi ya masaa mawili, ningelikua na kitu kama hicho kwa lile duka! Kasoro: si mali yako. Tangu 2024 wanakuandikia wazi wakati wa kulipa kwamba unanunua leseni. Ilikua hivo siku zote, na mie nlijua tangu usiku ule wa CPU, sidii tano ninazo mkononi na bado naomba ruhusa. Ndo maana gemu ninazozipenda kweli nanunua GOG pia, duka la mtandaoni la wale wa Poland lililoanza 2008, unashusha faili la kuinstolia unaliweka kwa diski yako na halikuulizi kitu. Nawashauri fanyeni hivo kwa zile za rohoni. Na kama akaunti yenu ni ya kale angalieni imeili iliyofungulia, ikiwa ni ile ya zamani isiyofunguka tena ibadilisheni leo, msingoje.

Nyota nne kati ya tano. Boksi la mjomba bado liko kabatini, sidii ya tatu haisomeki tena. Mwezi uliopita mpwa wangu aliishusha Half-Life 2 kwa akaunti yangu, akaiwasha kabla maji ya chai hayajachemka, nkakaa nyuma yake nkaitazama treni ikiingia.