Spika ya kufundishia kasuku maneno: tathmini baada ya kuitumia nyumbani Ngamiani

Duka moja la vifaa vya simu hapa Ngamiani, Tanga, linauza spika ndogo ya duara yenye kulabu ya kuning'inizia, ambayo muuzaji huinadi kuwa ni mashine ya kumfundisha kasuku kuzungumza. Mwenye ndege anabonyeza kitufe, anarekodi neno au sentensi fupi isiyozidi sekunde kumi, kisha anachagua irudiwe kila baada ya dakika tano, nusu saa au saa nzima, na kuanzia hapo spika inaendelea peke yake mpaka chaji iishe. Bei yake ni shilingi 35,000, inachajiwa kwa waya wa kawaida wa simu, na haina jina la kampuni popote, si kwenye boksi wala kwenye spika yenyewe. Tumeitumia nyumbani kwa mama mkubwa, ambaye ana kasuku wa kijivu aitwaye Johari. Maoni yangu ni kwamba kama chombo cha sauti kimetengenezwa vizuri, lakini kazi kilichonunuliwa kuifanya hakiiwezi, na sababu ya kushindwa kwake inastahili kuelezwa kwa kirefu kwa kuwa inamgusa kila anayefuga ndege wa aina hii.

Kuhusu utengenezaji sina malalamiko makubwa. Sauti inayotoka ni safi, haikwaruzi, na mtu aliye chumba cha pili anaweza kudhani kwamba mama mkubwa mwenyewe ndiye anayeongea barazani. Chaji inadumu, na vitufe ni vikubwa kiasi kwamba mtu mzima anavibonyeza bila kutafuta miwani.

Tulirekodi neno moja tu, “Shikamoo”, kwa sauti ya mama mkubwa, kwa sababu hilo ndilo alilotamani Johari awaamkie wageni wake. Sauti ilipotoka mara ya kwanza, Johari alinyoosha shingo, manyoya yakambana mwilini, na mboni zake zikawa zinasinyaa na kutanuka upesi upesi, kama zinavyofanya za kasuku aliyevutiwa au aliyeshtuka. Akaitazama spika, kisha akageukia mlangoni kumtafuta mwenye sauti, asimwone. Neno lilipojirudia akatafuta tena. Baada ya muda aliacha kutafuta, na mwishowe “Shikamoo” ilikuwa ikitoka juu ya kichwa chake naye anaendelea kuchambua kipande cha chungwa la Muheza kwa mdomo na mguu, bila kuonyesha dalili yoyote kwamba amesikia kitu. Neno hilo hajalisema hadi leo.

Lipo jambo moja alilojifunza kutoka kwenye spika hiyo, nalo ni ule mlio mwembamba unaoonya kwamba chaji inakaribia kwisha. Huo anautoa kwa usahihi unaoshangaza, na ukifuatilia kwa makini utaona kwa nini aliuchagua huo akaliacha neno tulilomrekodia. “Shikamoo” ilipotoka, hakuna kilichotokea nyumbani. Hakuna aliyeitikia marahaba, hakuna aliyesogea. Mlio wa chaji ulipotoka, mtu aliinuka, akaja mpaka kwenye tundu, akasema neno mbili tatu na ndege, akaiondoa spika. Sasa Johari akitaka mtu aje, anautoa mlio huo na kusubiri akitazama mlango wa ukumbini, na mara nyingi mtu huja kweli, kwa kuwa wote tumezoea kuuitikia.

Johari analo pia neno ambalo hakuna aliyekaa chini kumfundisha. Mgeni akipiga hodi uani, yeye hujibu “Karibu!” kwa lafudhi ileile ya mama mkubwa, na wakati mwingine humtangulia mwenye nyumba. Kwa miaka mingi amekuwa akisikia watu wawili wakibadilishana maneno hayo: mmoja anaita kutoka nje, mwingine anajibu kutoka ndani, mlango unafunguka, na mtu anaingia akiwa na habari na mara nyingine na karanga. Neno lilikuwa na mwenyewe, lilikuwa na wakati wake, na lilileta kitu kinachoonekana. Spika haina hata kimoja kati ya hivyo vitatu.

Wataalamu wamelithibitisha jambo hili kwa majaribio. Mtafiti wa Marekani, Irene Pepperberg, alimnunua kasuku wa kijivu aitwaye Alex katika duka la wanyama mjini Chicago mwaka 1977, akafanya naye kazi hadi ndege huyo alipokufa mwaka 2007. Alex alifikia kutaja kwa majina vitu zaidi ya 50, rangi 7 na maumbo 5, akatambua idadi hadi 6, na alipoulizwa vitu viwili vinatofautiana katika nini aliweza kujibu kama ni rangi, umbo au kile vilichotengenezwa nacho. Pepperberg hakudai kwamba ndege wake alikuwa na lugha kama ya binadamu, na uangalifu huo ndio unaonifanya niyaamini zaidi maelezo yake. Alimfundisha kwa watu wawili waliokaa mbele ya ndege: mmoja anashika kitu na kuuliza, mwingine anajibu, akijibu sawasawa anapewa kitu chenyewe, akikosea kinafichwa, kisha wanabadilishana nafasi ili ndege aone kwamba muulizaji wa sasa ndiye mjibu wa baadaye, na kwamba hata yeye anaweza kuingia katika mazungumzo hayo. Kasuku wengine wa maabara yake walipowekewa kanda za sauti, au kuonyeshwa video bila mtu wa kushirikiana nao, hawakujifunza kuyatumia maneno yaliyokuwamo, ilhali ndege haohao walijifunza maneno mengine walipofundishwa na watu wawili. Spika yetu ni kanda ileile, isipokuwa imepungua ukubwa.

Nadhani wengi tunapotea hapa kwa sababu tunaiona sauti ya kasuku tu, tunasahau inamsaidia nini. Viungo anavyo: hana midomo laini kama yetu, lakini sauti yake hutokea chini kabisa ya koo, pale bomba la hewa linapogawanyika kuelekea kwenye mapafu mawili, naye huichonga kwa ulimi wake mnene mpaka ikafanana na ya mtu. Kasuku wa mwituni, hata hivyo, hautumii uwezo huo kwa ajili ya pambo. Anaishi kundini, na sauti ndiyo inayomwezesha kumjua mwenzake na kujulikana. Nchini Venezuela, watafiti waliowachunguza kasuku wadogo wa kijani walionyesha mwaka 2011 kwamba makinda huupata mlio wao wa kujitambulisha kutoka kwa wazazi wanaowalea, hata pale mayai yalipohamishiwa kiota kingine. Ndege anayewekwa peke yake barazani ameondolewa kundini, akabaki na sisi tu. Akijifunza maneno yetu, anajifunza ili apokewe. Kumwachia sauti isiyomsikiliza ni kumnyima kile hasa anachokitafuta, na kasuku aliyenyimwa wenzake kwa muda mrefu huanza kujinyonyoa manyoya. Hilo nimeliona kwa ndege wa watu wengine na sitaki kuliona kwa Johari.

Sisemi kwamba kila kifaa ni kibaya. Mwaka 2023 watafiti wa Marekani na Uskoti walichapisha matokeo ya jaribio ambamo kasuku 18 wa majumbani walifundishwa kugonga kengele na kuchagua kwenye kompyuta ya kibao picha ya kasuku mwenzao wa kumpigia simu ya video, na wengi wao walionekana kuwa na ndege wanaowapenda kuliko wengine. Katika jaribio lililofuata, ndege 9 walipewa nafasi ya kuona video za kasuku zilizorekodiwa na nafasi ya kuzungumza na kasuku wa moja kwa moja, wakaonyesha kuvutiwa zaidi na wa moja kwa moja. Kioo cha kompyuta ni kilekile. Kilichobadilika ni kuwepo kwa anayejibu upande wa pili.

Baada ya kuiweka spika kando, mama mkubwa na mjukuu wake walianza kufanya mbele ya tundu yale niliyoyaeleza ya watu wawili. Mtoto husema, “Bibi, naomba karanga,” naye bibi hujibu, “Haya, chukua karanga,” akampa. Kisha bibi ndiye anayeomba na mjukuu ndiye anayetoa. Johari husogea mpaka kwenye nyaya, akafuata mkono unaopokea. Sasa akiona mfuko wa karanga hutoa sauti ya “kaa-nga”, haijanyooka, lakini hupewa papo hapo, na kila anapopewa huisogeza karibu kidogo na neno lenyewe. Mazoezi haya hayagharimu kitu zaidi ya karanga zisizo na chumvi. Anayetaka kuyajaribu azingatie tu kwamba parachichi na chokoleti ni sumu kwa kasuku, hata kama ndege mwenyewe anavililia.

Upande wa usalama, spika ina dosari mbili. Kulabu ya spika inaonekana kuwa imepakwa zinki, na zinki ni sumu kwa kasuku anayetafuna chuma, kwa hiyo isining'inizwe ndani ya tundu wala mahali mdomo unapofika. Kifuniko cha betri ni plastiki nyepesi, ambayo mdomo wa kasuku wa kijivu unaipasua bila taabu.

Boksi lina picha ya kasuku wa kijivu na maneno ya kuahidi kwamba ndege yeyote atazungumza, na hilo linanisumbua kuliko bei. Mtu anaweza kuliona akaenda kumtafuta ndege wa kwenda na spika. Biashara ya kimataifa ya kasuku wa kijivu waliokamatwa mwituni ilipigwa marufuku kwa uamuzi wa nchi wanachama wa CITES, mkataba wa kimataifa unaosimamia biashara ya wanyama na mimea iliyo hatarini kutoweka, mwaka 2016, kwa sababu walikuwa wakimalizwa misituni. Nchini kwetu, kumkamata au kumfuga ndege wa mwituni bila kibali ni kosa chini ya Sheria ya Uhifadhi wa Wanyamapori ya mwaka 2009. Johari alirithiwa kutoka kwa marehemu mjomba pamoja na karatasi zake, na bado ana miaka mingi mbele yake, kwa kuwa kasuku wa kijivu anayetunzwa vizuri huweza kufikisha miaka 40 na kuipita. Asiye na ndege asinunue spika hii ili imshawishi kuwa naye.

Aliye naye tayari, na anayetaka azungumze, aweke shilingi zake 35,000 kwenye tundu kubwa zaidi na matunda. Anayeihitaji kwa shughuli nyingine, kama kumkumbusha mzee saa ya dawa, atapata kifaa kinachofanya kazi vizuri, ila aulize kwanza dukani kama lipo toleo ambalo mlio wa chaji unaweza kuzimwa, maana hili letu halina.